Cheni ya Mtani

Maneno alikuwa mtu wa kuchekesha, na watu wa kuchekesha husamehewa mengi. Pale Kinole alisamehewa uvivu, akasamehewa kudoea chakula cha watu, akasamehewa hata ulimi wake usiojua msiba wala harusi. Ukimkasirikia, unaonekana wewe ndiye mwenye roho mbaya. Ndivyo dunia ilivyo: mchapakazi aliyenuna anapishwa njiani, na mvivu mwenye kucheka anawekewa kigoda.

Mikidadi hakuwekewa kigoda na mtu. Alikuwa mkimya, mgumu wa kutoa, mwepesi wa kusahihisha wenzake. Ila yeye na Maneno walikuwa watani, na si utani wa kujipachika. Koo zao zilitaniana tangu enzi za mababu, na kwa Waluguru utani wa koo una sheria zake. Mtani wako akifa, wewe ndiye unayemchimbia kaburi na kuwachekesha waliofiwa. Mtani akiingia kwako akabeba kuku, hukasiriki. Unacheka, kisha unakikomboa chako kwa kitu kidogo, au unangoja zamu yako ukabebe mbuzi wake. Anayemkasirikia mtani amejivua nguo hadharani, na aibu yake inawapata mpaka wajomba zake.

Wote wawili waliwahi kufanya kazi mjini Morogoro, kwenye kiwanda cha mbao cha umma. Mikidadi alikuwa akikata miti kwa msumeno wa mashine, chenso kama walivyoiita, na Maneno alikuwa akimbebea dumu la petroli. Ikaja enzi ya ruksa, kila mtu ajifanyie biashara apendavyo. Kiwanda kikafungwa, wafanyakazi wakaambiwa wakajitegemee. Mikidadi akarudi mlimani kwenye shamba la dada yake Semeni, maana huku ardhi hufuata upande wa kuukeni, akalima mananasi na pilipili manga. Maneno akarudi kwenye kuchekesha. Mkewe, Raya, alivumilia kicheko kile misimu miwili, kisha akafunga mzigo akaenda kwao, akisema atarudi siku mumewe atakapokuwa na kazi inayoonekana kwa macho.

Sasa ruksa iliyowanyang'anya kazi ndiyo hiyo hiyo iliyoleta nyingine. Vyuma vya mtumba vilikuwa vikishuka bandarini kila siku, na mwenye chochote mfukoni alinunua. Abdi, mfanyabiashara wa mjini ambaye kwao si huku, alinunua chenso. Akapanda nayo Kinole kwenye pikapu: mashine iliyobabuka rangi, cheni mbili zilizokwisha makali, na mabapa mawili. Bapa ni kile chuma kirefu kilichotangulia mbele ya injini, ambacho cheni huzunguka pembeni mwake. Moja lilikuwa fupi, la pili refu kama mguu wa mtu mzima.

Abdi alitaka mtu mmoja wa kuendesha mashine. Kazi ya kudumu, kukata miti ya mashambani na kupasua mbao za kushusha mjini. Kabla ya yote akawauliza wale wawili afunge bapa lipi. Mikidadi alisema fupi. Injini hii ni ndogo, alieleza, bapa refu litaichosha, na tena ncha yake inafika mahali ambapo jicho la mkataji halifiki. Aliyasema hayo akiwa ameinamia mashine, bila hata kumtazama mwenye mali usoni.

Maneno akacheka. Akamwambia Abdi kwamba bapa fupi ni la kukatia kuni za bi mkubwa, lakini mteja akiliona hili refu atajua tajiri ameingia kijijini. Abdi alipenda kusikia hivyo, kama ambavyo ungependa wewe au mimi. Likafungwa refu.

Kisha kila mmoja akapewa cheni moja na tupa, aende akainoe mwenyewe. Ijumaa kila mtu angepewa mashine kwa muda aijaribu cheni yake, na Jumamosi wangeangusha miti miwili ya mkangazi ambayo Abdi aliinunua shambani kwa Semeni. Atakayempendeza, mashine ni yake kuendesha. Maneno alipolala usiku ule alimwona Raya akipanda kilima na mzigo kichwani, anarudi.

Mikidadi alinoa cheni yake kibarazani, dada yake akiwa amelibana lile bapa fupi kati ya magoti, cheni imelazwa ukingoni mwake isiyumbe. Alikwenda jino baada ya jino, upande mmoja kwanza, kisha wa pili, tupa ikipita kwa pembe ile ile na kwa nguvu ile ile. Mbele ya kila jino la cheni kuna kinundu cha chuma. Kazi yake ni kulizuia jino lisiume kupita kiasi. Vinundu hivyo Mikidadi alivigusa kidogo tu, kwa adabu, na akamwonyesha Semeni ni kwa nini. Semeni hakuwa fundi, lakini alikuwa na macho, na siku mbili nzima kazi yake ilikuwa kutazama.

Maneno naye alianza na meno. Mkono ukamuuma. Akakumbuka kule kiwandani alisikia mtu akisema kwamba ukitaka cheni iule mti kwa pupa, shusha vinundu. Basi akavishusha, na kwa kuwa ilikuwa rahisi, akavishusha vyote mpaka chini.

Ijumaa alasiri ilipofika zamu yake, aliipeleka mashine nyuma ya nyumba, peke yake, akaijaribu kwenye kisiki cha mpera. Cheni iliuma kama mbwa mwenye njaa. Maneno akafurahi. Akasogeza ncha ya bapa chini kidogo, ikagusa mzizi, na mashine yote ikaruka juu kumwelekea usoni. Ilipita karibu na sikio ikaondoka na ukingo wa kofia yake. Alikaa chini pale pale, mashine imezimika kando yake. Akaelewa mambo mawili. Cheni ile inarusha. Na haitengenezeki, kwa sababu chuma kilichosagwa na tupa hakirudi.

Hakuna aliyemwona. Kofia akaitupa chooni.

Jumamosi asubuhi alipita kwa Semeni. Mikidadi alikuwa ameshatangulia mtini kufyeka pa kusimama. Cheni yake ilikuwa kibarazani ndani ya kopo la maziwa, imelowekwa kwenye oili. Maneno alimtania Semeni vya kutosha, akaomba maji ya kunywa, na Semeni alipoingia ndani kuchota, akabadilisha. Ya Mikidadi mfukoni, yake ndani ya kopo. Akanywa maji, akashukuru, akaenda zake.

Njiani alijiambia kwamba ni utani. Imrukie kidogo tu, ashtuke, watu wacheke, Abdi naye acheke. Alijidanganya hivyo njia nzima, na mimi simwamini. Mtu anayetaka kumshtua mwenzake hupiga kelele nyuma yake. Hamwekei kifo kwenye kopo la maziwa.

Kijiji kizima kilikuwa pale. Maneno alikata wa kwanza, na cheni aliyoichukua ilipita kwenye mkangazi kama kisu kwenye papai. Lakini makali ni ya cheni, akili ni ya mkataji. Mti wake ulikwenda upande usiotarajiwa, ukaangukia pilipili manga za Semeni na kuzilaza mstari mzima. Watu wakaguna. Maneno akafungua cheni akaitia mfukoni, akawaambia kwamba pilipili zile zilikuwa chungu mno, alikuwa anazipunguza ukali. Wakacheka, kama kawaida.

Mikidadi akamtuma mtu kuleta kopo lake. Akalifunua. Akaivuta ile cheni, akaipitisha kidoleni polepole, kisha akainua macho.

“Mtani,” Maneno alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia, “nimekula chako.”

Kicheko kikalipuka. Abdi akauliza kuna nini, akaelezwa kwamba hawa ni watani, mmoja amemwibia mwenzake cheni, ndiyo desturi. Abdi naye akatabasamu, maana mgeni akiona wenyeji wanacheka huona salama kucheka. Wajomba wa Mikidadi walikuwa wamesimama mstari wa mbele, na Mzee Mwinshehe, mndewa wa ukoo wao, mkubwa wa wote pale, alikuwa akimtazama mpwa wake aone atapokeaje.

Mikidadi alicheka. Hakikuwa kicheko kizuri, lakini alicheka. Kisha akamsogelea Maneno kama anayetaka kumpa mkono, akamwambia chini kwa chini, “Hii inarusha.”

“Basi iogope,” Maneno alijibu.

Angeweza kuikataa. Kwa lugha ya fundi yeyote duniani, cheni ile ilikuwa ya kutupwa, na mtu mwingine yeyote angesema mimi sikati na hiki. Lakini kuikataa kulikuwa ni kumkasirikia mtani mbele ya ukoo wake mwenyewe, na Mikidadi, mtu aliyebisha na mabosi wa kiwanda bila kupepesa macho, hakuweza kubisha na hilo. Akaifunga.

Na akaangusha mti. Hilo Maneno hakulitarajia. Mikidadi alikatia sehemu ya bapa iliyo karibu na injini, ncha akiiweka mbali na kila kitu, taratibu, kama mtu anayemlisha mbwa mkali kwa mkono. Mkangazi ukalala pale pale alipokuwa amepanyooshea kidole asubuhi. Watu wakapiga makofi. Abdi akasema kwa sauti kwamba hana haja ya kutafuta zaidi, mtu wake amempata, na Maneno akahisi kilima kile alichomwona Raya akikipanda kikimporomokea.

Ilibaki kupogoa matawi tu. Mikidadi sasa alikuwa na furaha, na furaha haikuwa na mazoea naye. Alipanda juu ya gogo, akaanza kukata tawi nene, akageuza kichwa mara moja kumtazama dada yake. Nyuma ya majani ncha ya lile bapa refu iligusa tawi jingine. Mashine ikanyanyuka ikamjia. Ilimpata kati ya shingo na bega, na hakufika hata kwenye pikapu.

Watu walisema ni ajali. Walisema siku zake zilikuwa zimefika, na chenso ni chuma, haimjui mwenyewe. Utani wa cheni waliutaja kwa kuusikitikia tu, maskini Maneno, alimchezea mtani wake na mara Mungu akamchukua. Maneno alisikia yote hayo na akaona kwamba amepona. Hata Abdi, kabla hajashuka mjini, alimshika bega akamwambia mashine itabaki pale kijijini, baada ya msiba wataongea. Nitakwambia kitu kibaya: usiku ule Maneno alilala usingizi mzuri.

Asubuhi yake Semeni alikuja kwake kabla jua halijakolea, amejifunga kaniki, jogoo kwapani.

Alimwamkia kama mtu na mtani wake. Akasema amekuja kukomboa mali ya marehemu, kama desturi inavyotaka, mali ya mtu isipotelee nje ya ukoo. Maneno hakuelewa upesi, kisha akaelewa kwamba anataka cheni. Akaitoa mara moja, kwa furaha hasa, maana tangu jana ilikuwa ikimkera pale ilipotundikwa. Akapokea jogoo, akamtania kwamba marehemu alikuwa bahili, angemlipa kifaranga. Semeni alitabasamu. Akaitia cheni ndani ya kaniki, akaondoka.

Msibani watani walifanya kazi yao. Walichimba kaburi huku wakimsema marehemu: kwamba hata ardhi inamkataa kwa ubahili wake, kwamba huko anakokwenda atawasahihisha malaika. Maneno alivaa koti la Mikidadi, akaiga mwendo wake wa kuinama na ule uso wake wa kununa, mpaka wazee waliokuwa wakilia wakashika mbavu. Alichekesha kuliko siku zote. Ilimbidi, kwa sababu mtani anayenyamaza msibani watu huuliza ana nini.

Ndipo Semeni alipotoka kwenye kundi la wanawake. Akasimama mbele yake na watu wakangoja jibu la mwenye msiba.

“Mtani,” alisema, “kaburi linataka mbao za mwanandani. Kaka yangu afunikwe na mti aliouangusha mwenyewe. Mashine ile pale juu ya gogo, sijaigusa. Cheni ni ile ile uliyompa.”

Watu wakashangilia. Ilikuwa dai la haki, na kali, namna mtani anavyopaswa kudaiwa.

Maneno alicheka pamoja nao, kisha akasema kwamba cheni ile ina damu, si vizuri, afadhali ifungwe nyingine.

“Ipi?” Semeni aliuliza. “Nyingine ni ya ukoo. Nimeikomboa kwa jogoo.”

Kicheko kilipanda mpaka kikawatisha ndege mitini. Ameshikwa, watu walisema, leo mtani ameshikwa. Walimsukuma wakimwimbia mpaka kwenye gogo, akiwa na koti la marehemu mwilini. Mzee Mwinshehe mwenyewe akaichukua mashine akamkabidhi mikononi. Maneno aliitazama ile cheni, vinundu vyake vilivyolala chini kabisa, na damu iliyokauka kati ya meno, na mikono ikaanza kumtetemeka. Watu wakaonyeshana mikono ile. Tazama anavyoigiza, walisema.

Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Maneno aliiweka mashine chini, akageuka kwa Semeni, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akasema jambo bila kutaka mtu acheke.

“Nilijua,” alisema. “Ijumaa ilinirukia mimi, ikanikosa. Nilijua inarusha, ndiyo nikampa. Mimi ndiye niliyemuua.”

Walicheka mpaka machozi yakawatoka. Kwani mtani gani hasemi hivyo? Kila msiba, tangu milima hii ina watu, mtani hujipiga kifua kwamba yeye ndiye aliyemuua marehemu, kwamba alimchoka, kwamba alimwekea sumu kwenye ugali. Mzee Mwinshehe alimwita muuaji asiye na haya, akamrushia sarafu. Maneno akarudia maneno yale yale, safari hii akilia, na makamasi yakimtoka. Watu wakasema leo amejipita.

Semeni peke yake hakucheka. Alimsogelea mpaka akasikia harufu ya koti la kaka yake.

“Nimekusikia,” alimwambia. “Sasa kata.”

Maneno alikata. Alilikatia lile gogo sehemu ya bapa iliyo karibu na injini kama alivyomwona mwenzake akifanya jana, ncha mbali, mguu mmoja nyuma, akiomba Mungu kimoyomoyo kwa dua ambazo hakuzisoma tangu madrasa. Ubao wa kwanza ukatoka, umepinda. Ukatoka wa pili. Alipoutoa wa tatu, mashine mikononi mwake ilikuwa bado haijamdhuru, na ndani ya hofu ile kikachomoza kijitumaini. Akazima mashine, akauliza kama imetosha.

Semeni alizipanga mbao chini mbele ya watu, akarudi nyuma kuzitazama.

“Bado,” alisema. “Kaka yangu alikuwa mrefu.”

Basi akaiwasha tena. Jasho lilikuwa limemjaa machoni, na mikono imekwisha nguvu, kwani hakuwahi kuizoea kazi ile, alizoea kubeba dumu. Bapa likazidi kwenda mbele kuliko alivyotaka. Ncha ikagusa kibutu cha tawi upande wa pili wa gogo.

Hakusikia maumivu mwanzoni. Alijikuta chali kwenye unga wa mbao, mashine inaunguruma kando yake kisha ikazima, na mbingu iko juu ya Kinole kama siku zote. Kifua cha lile koti jeusi kilikuwa kinalowa damu ya moto. Alitaka kupaza sauti, akapata pumzi tu.

Kicheko hakikukatika. Desturi ni kwamba mtani hujitupa chini msibani, akajifanya maiti, wakati mwingine akalala ndani ya kaburi lenyewe, na hainuki mpaka waliofiwa wampe kitu. Watu wakaanza kurusha sarafu. Maneno alizisikia zikidondoka karibu na sikio lake, na moja ikampiga shavuni. Inuka mtani, walimwambia, umeshalipwa, marehemu anangoja. Mtu mmoja akataka kuja kumwinua kwa mkono, na Maneno akamwona, akamtolea macho yote aliyokuwa nayo.

Semeni akanyoosha mkono, akamzuia yule mtu.

“Mwacheni kwanza,” aliwaambia. “Hajamaliza utani wake.”

Mtu yule akarudi mahali pake, akatafuta sarafu nyingine mfukoni.